Kuku Asiye na Firigisi

Nyumbani kwetu firigisi ya kuku ililiwa na mtu mmoja tu, baba. Sisi tuliiita jezie, kwa Kifaransa chetu cha kambi ya wafanyakazi, na hakuna mtoto aliyethubutu kuiota, sembuse kuigusa. Wanawake ndio kabisa. Mama aliipasua, akaimenya ile ngozi ya njano ya ndani, akaiosha, akaipika, akaiweka juu ya sahani ya baba, kisha akaenda zake jikoni kula shingo. Babu yangu alikuja na desturi hiyo kutoka Kasai alipoajiriwa na Wazungu wa migodi, na baba akaipokea pamoja na ubatizo, kana kwamba vyote viwili vilitoka kwa padri mmoja. Akishaila alifuta vidole, akafumba macho, akatoa baraka: kwa anayefanya mtihani, kwa anayeolewa, kwa anayesafiri. Bila firigisi hakukuwa na baraka. Hata mimi, niliyesomeshwa na masista na kufundisha darasa la tatu hapo Likasi, mji wetu wa migodi huko Katanga, niliamini hivyo bila aibu yoyote.

Baba alistaafu kiwandani akiwa na kifua kibovu. Nyumba ya kambi ikarudi kwa Kampuni, nasi tukahamia nyumba ya matofali ya kuchoma aliyokuwa ameijenga kidogo kidogo upande wa njia ya Kambove. Ilikuwa na vyumba vitatu, bati zuri na choo nje. Mtaani humo kulikuwa na mjane aliyefukuzwa na watoto wa mumewe kabla matanga hayajaisha. Walimwondolea mpaka mlango. Baba aliliona jambo hilo kwa macho yake, na tangu hapo hakulala vizuri.

“Minye siogope kufa,” aliniambia siku moja tukianika mahindi. “Naogopa mama yenu. Atalala wapi?”

Basi akatangaza kwamba siku ya Pasaka atakula firigisi na kumbariki mmoja wa kaka zangu awe mkubwa wa nyumba. Mimi aliniambia kwamba atamchagua yule anayemwona atamtunza mama. Wao hakuwaambia. Alitaka kuwatazama kwanza, nami nikanyamaza kama alivyoniomba, ingawa ulimi uliniwasha.

Kaka yangu mkubwa alikuwa dereva wa lori mgodini Kambove, mtu wa kelele, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Mdogo, anayenifuata mimi, alikuwa karani na mwalimu wa kwaya. Alivaa yale makoti ya kola ya kuvaliwa bila tai, yaliyokuwa sheria ya serikali wakati ule, akayapiga pasi mpaka yakakaribia kusimama yenyewe. Mimi nilizaliwa katikati yao, na huo ni mzigo ambao sikuuomba.

Baada ya tangazo lile, baba alipendwa kupita kiasi. Mkubwa alifika kila Jumamosi na kuku hai akining'inia kwenye usukani wa baiskeli, akapiga kengele tangu mwanzo wa barabara ili majirani wahesabike kuwa mashahidi. Mdogo hakuwa na kuku, akajibu kwa sala. Sala yake ya kubariki chakula ilianza na Adamu, ikapitia manabii wote, na tulipofika kwenye Amina bukari, ugali wetu, ilikuwa imeshakuwa jiwe. Mmoja alimkanda baba mguu wa kulia, mwingine akaukimbilia wa kushoto. Baba aliniambia pembeni kwamba kabla ya hapo miguu haikuwa ikimuuma.

Mama hakuna aliyemkanda. Alichota maji mwenyewe, akapuliza makaa ya mbabula mwenyewe, na macho yakamtoka machozi ya moshi huku wanawe wawili wakigombania kumvua mumewe viatu. Nilikasirika, na hasira yangu mpaka leo sijaijutia.

Pasaka ikafika. Mdogo, aliyechoka kushindwa kwa kuku, akaamua kumaliza vita. Kwa msaada wa bosi wake wa ofisini alipata kuku wa barafu katika duka la makada, lile la wakubwa wa Kampuni, kuku mweupe, mnene, aliyetoka Ulaya kwa ndege, hana kichwa wala miguu. Hakumleta mbichi. Mpishi wa bosi huyo alimchoma mzima katika tanuri la umeme, akamfunga vizuri ndani ya sufuria, kisha akaondoka na tajiri wake kwenda likizo. Kaka yangu hakuwa amewahi kutazama ndani ya kuku tangu azaliwe. Kwetu wanaume hukutana na kuku mezani.

Sufuria ilipofika langoni juu ya baiskeli, mkubwa aliipokea na kuibeba mpaka mezani. Alitaka baba aone kwamba na yeye ametumika.

Kifuniko kikafunuliwa. Harufu ilikuwa nzuri mno, hata katekista tuliyemwalika alisahau ishara ya msalaba. Baba akachukua kijiko, akatafuta tumboni. Akatafuta chini ya mapaja. Akamgeuza kuku kifudifudi. Kisha akaweka kijiko chini polepole.

“Jezie iko wapi?” akauliza mkubwa.

Katekista akachungulia sufuria.

“Njo weye ulikula mu njia!” akamrukia mdogo wake. “Papa angali mzima, weye unakula mapema!”

“Minye?” mdogo akamgeukia kaka yake. “Yaya, njo weye ulibeba sufuria toka ku mulango! Mikono yako ingali na mafuta!”

Na kweli mikono yake ilikuwa na mafuta. Alikuwa amepaka mnyororo wa baiskeli asubuhi. Akaeleza, lakini nani angemsikiliza? Viti vikaanguka. Katekista akasimama kati yao na kupigwa kiwiko ambacho hakikukusudiwa yeye. Baba akainua mkono.

“Minye siwezi kubariki na kinywa tupu,” akasema, na kikohozi kikamshika mpaka mama akamshika mabega na kumpeleka kitandani. Nilimsikia akikohoa kupitia ukuta, nikaogopa. Angeweza kufa usiku ule na maneno yake ndani ya kifua, na mama angebaki mikononi mwa wajinga wawili.

Kuku yule, naomba ieleweke, tulimla sisi wengine. Alikuwa mtamu.

Tangu siku hiyo kaka zangu hawakusalimiana. Mtaa ukagawanyika. Kwaya nayo ikagawanyika, sauti nzito upande wa mkubwa na sopurano upande wa mwalimu wao. Jumapili moja padri akahubiri juu ya wale mapacha wa Maandiko, mmoja mwenye manyoya aliyeuza haki yake kwa sahani ya chakula, na mwingine aliyemdanganya baba yao kipofu. Nilitazama viti. Padri alipomtaja mlafi, mdogo akasema “Amina!” na kumgeukia kaka yake. Alipomtaja mdanganyifu, mkubwa akasema “Amina!” kwa sauti ya lori. Kila mmoja alitoka kanisani ameridhika kabisa na mahubiri. Neno la Mungu lilikuwa limepita katikati yao, likamwona kila mtu isipokuwa mhusika. Mimi nilibaki nikimfikiria yule baba mzee wa Maandiko, aliyepikiwa na kubembelezwa, ambaye mwisho wa yote wanawe walikaa miaka wametengana. Sikutaka baba yangu afe hivyo.

Nikawakamata wote wawili nje ya kanisa, mbele ya watu. Nikawaambia kwamba kama hawataongozana kesho kumtafuta kuku mwingine wa duka lilelile, tumpasue tuone ndani, basi mimi nitasimama misa ijayo na kueleza walivyokuwa wakikojoa kitandani, na nani aliacha mwisho. Walinijua. Walikwenda, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakarudi wamemshika kuku wa barafu kila mtu kwa paja lake.

Tulimwacha ayeyuke. Kisha mama akachukua kisu, akampasua juu ya meza, sote tukiwa tumeinama. Ndani hamkuwa na kitu. Mlikuwa safi kama kibuyu kilichooshwa.

“Bazungu banamutoaka jezie?” akauliza mkubwa. “Ya kufanya nini?”

“Njo baba zao banakula,” akasema mdogo, ambaye alikuwa karani na alipenda kuwa na jibu.

“Basi donc weye ungeangalia mbele ya kuleta!”

“Na weye ungeuliza mbele ya kunitukana!”

Wakaanza upya. Walikuwa wamethibitishwa wote wawili kuwa hawana hatia, na bado walipata cha kugombania. Hapo baba akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akacheka tena, kisha akamwambia mama amchinje jogoo wa uani, nami akanituma kumwita katekista.

Firigisi ikaletwa juu ya sahani, ndogo, yenye moshi. Kaka zangu wakanyoosha migongo. Baba aliitazama muda mrefu, halafu akaisukuma sahani mpaka mbele ya mama.

“Kula.”

“Minye?” Mama akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. “Ile haiko ya banamuke.”

“Nyumba iko ya weye. Nimesema mbele ya katekista. Mwenye nyumba njo anakulaka. Kula, sasa njo weye utabariki.”

Mama akaitia mdomoni. Alitafuna. Alitafuna tena, akitazama juu.

“Iko ngumu,” akasema mwisho. “Na haina chumvi. Njo kwa hii tu munataka kuuana?”

Kisha, bila kufuta vidole, aliwavuta wanawe kwa masikio mpaka vichwa vikagongana, akaweka mikono yake yenye mafuta juu yao. “Mungu Baba, ubariki hawa batoto. Akili hawana, lakini njo bale ulinipa.” Mkubwa alilia wazi. Mdogo alilia akilinda kola yake.

Baba alikufa mvua zilipoanza. Siku ya kumaliza matanga tulichinja kuku, na nilipoleta sahani ya firigisi, mkubwa aliisukuma kwa mdogo wake. Mdogo akairudisha. Mkubwa akaisukuma tena, akisema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, “Kula weye.” Sahani ikaenda na kurudi mpaka mafuta yakaganda.

“Mulete hapa,” akasema mama kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango. “Chakula inapola.” Akaongeza chumvi, akala.

Mwezi uliofuata waliongozana kuja kumtengenezea bati lililovuja. Waligombana juu ya paa siku nzima kuhusu misumari, na mama akawa anawapigia kelele kutoka chini washuke waje kula.