Mfagiaji wa ukumbi aliyejifunza dansi upande wa wanaume

Saa nne asubuhi, muziki umepamba moto. Wanawake thelathini wamejipanga ukumbini wawili wawili. Wanaume wanne wamejibanza dirishani, wakijifanya wanafunga kamba za viatu. Katikati ya ukumbi, mwanamke mfupi aliyevaa raba nyeupe anapiga makofi.

"Walzi, jamani! Moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu! Unapanda, unashuka. Umebeba ndoo imejaa pomoni na sakafu imetoka kupigwa deki. Ukimwaga, utapiga deki mwenyewe!"

Ukumbi mzima unaangua kicheko, kisha watu wanaanza kuzunguka taratibu na ndoo zao za kufikirika.

Wanafunzi wanamwita Kapteni. Ana miaka arobaini na sita na huu ni mwaka wake wa tisa akifagia ukumbi huu. Kufundisha anashikilia tu, tangu nyonga ya Mwalimu, bibi aliyeanzisha darasa, ilipogoma. Leo saa nane mchana mtahini anakuja. Kapteni akifaulu, darasa ni lake kwa cheti. Akishindwa, darasa linafungwa naye anabaki na ufagio wake.

"Mtihani huu naugopa," anasema. "Lakini mdomo unacheka tu, sijui una nini."

Kinachomtia hofu ni kisa cha aina yake. Mwalimu alikuwa na desturi ya kuchora nyayo sakafuni kwa chaki ili wanafunzi wazifuate. Jioni ilikuwa kazi ya Kapteni kuzifuta. Kabla ya kuzifuta, alizikanyaga moja baada ya nyingine, ufagio mkononi. Hivyo ndivyo alivyojifunza walzi, tango, rumba na chachacha. Hakuna aliyemwambia kwamba Mwalimu alichora nyayo za wanaume tu, kwa kuwa wanaume ndio waliokuwa wagumu wa kuelewa.

"Miaka miwili nilikuwa mwanamume na sina habari!" anasema akijipiga paja. "Siku Mwalimu aliponishika anichezeshe, tulisukumana kama watu wanaogombea mlango."

Katika dansi hizi, anaeleza, mmoja huongoza na mwenzake hufuata, mara nyingi akienda kinyumenyume. Kuongoza kumemfaa sana. Wanawake wote hawa na wanaume wanne, nani angewachezesha? Lakini mtahini anataka pande zote mbili.

"Kufuata ndiko kulikonishinda. Nyumbani mimi ndiye ninayejua hata sindano iko wapi. Leo ninyamaze nipelekwe?"

Hana muda wa kulia. Muziki umebadilika, naye keshadaka mwanafunzi.

"Tango! Hapa hakuna kupanda. Legeza magoti, tembea kama umeudhiwa ila huondoki ng'o!" Dakika kumi baadaye ni rumba. "Taratibu! Mguu ufike, nyonga ifuate. Ukiwa na pupa umeharibu mapenzi." Halafu chachacha, ambayo darasa linaipokea kwa kelele. "Hii ni shangazi na umbea wake. Polepole, polepole, mara cha-cha-cha, kamwaga kila kitu!"

Aliyemsaidia kujiandaa ni mume wake, fundi bomba ambaye hajawahi kucheza chochote maishani. Wanaume wa darasani hawakufaa. Kapteni akiwashika tu, wao ndio wanaomfuata. Basi wiki sita zilizopita alisogeza kochi sebuleni, akamwomba mumewe amwongoze.

"Nikamwambia, Mama Pacha, mimi najua mabomba," anasimulia fundi. "Akasema njoo hivyo hivyo."

Ikawa vurugu. Baba Pacha alihesabu moja, mbili, nne. Alianzia mlangoni akaishia kabatini. Mkewe, bila kukusudia, akawa anamrekebisha kwa bega. "Niachie usukani, mwanamke!" alifoka mzee.

Wiki ya nne, mama akamwachia. Mume akikosea kulia, naye anakosea kulia.

"Siku hiyo tuligonga kabati pamoja," anasema fundi kwa fahari. "Vikombe viwili vilikufa, lakini tulifika pamoja."

Saa nane kamili mtahini anaingia. Ni bwana mrefu, mkavu, suti ya kijivu, hacheki. Sehemu ya kuongoza inapita kama maji. Kisha anamnyooshea Kapteni mkono, sasa aongoze yeye.

Walzi inakwenda vizuri. Tango inakwenda vizuri. Katikati ya rumba, mtahini anasimama ghafla, halafu anageukia upande usiohusika na hatua yoyote ya rumba. Kitini pembeni, Mwalimu, aliyekuja kushuhudia, anafumba macho. Kapteni anangoja kidogo, kisha huyo, anakwenda naye! Mtahini anapopotoka tena, kushoto safari hii, Kapteni yuko naye. Mara ya tatu anarudi nyuma bila taarifa, na raba nyeupe zinamfuata bila hata kusita. Wanawake wameshikana mikono. Mwandishi wa makala haya amesahau kalamu hewani.

Muziki unakwisha.

"Nimekosea makusudi mara tatu," anasema mtahini. "Karibu wote hunirekebisha. Nani kakufundisha kufuata?"

Kapteni anamwonyesha kwa kidole mtu aliyesimama mlangoni na ovaroli yenye madoa.

"Ni mchezaji?"

"Hapana, bwana. Hata kuhesabu hadi tatu kunamshinda."

Mtahini anacheka, kumbe meno anayo. Kisha anasaini cheti palepale, juu ya spika. Weee, vigelegele! Mwalimu analia waziwazi wala hajifichi. Wale wanaume wanne wanambeba Kapteni juujuu.

Akishatua, hajatulia hata kupumua, anatangaza mpango wake. Jumatatu, saa kumi na moja jioni, anafungua darasa la wanaume. Karatasi ya kujiandikisha imeshabandikwa ukutani.

"Nataka wale wabovu kabisa, wanaosema 'mimi sichezi'," anasema macho yakimng'aa. "Wanawake wangu watajuaje kufuata bila watu wa kuwakosesha?"

Baba Pacha anapenya katikati ya watu, kalamu mkononi, aandike jina la kwanza. Mkewe anampokonya.

"Wewe? Thubutu! Ukijua kucheza, mimi nitafanya mazoezi na nani?"