Kernel niliyoi-compile mwenyewe ilivyokuwa inakwama akiwepo mama mkwe tu

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa shikamooni. Kisa hiki kimenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na sehemu za aibu nimeziacha kama zilivyo.

Mimi ni fundi simu na redio, Magomeni ya Kilosa. Shule niliishia form two. Ada ilikuwepo, kichwa tu ndicho kiliomba ruhusa na hakikurudi. Linux nimeiokotea humu humu jukwaani, kwa hiyo mkiona madudu, mjilaumu wenyewe.

Nina mchumba, Neema, kwao Mikumi. Posa nimepeleka, jibu ni "subiri".

Katika kusubiri nikajipendekeza. Mama yake ana TV box ya zamani, nzito kama punda mgonjwa. Nikaichukua, nikaandika kernel yangu, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa memory kwa program. Nikarudisha kitu kinaruka kama swala.

Kesho yake Neema kapiga. "Mama anasema limekwama katikati ya tamthilia. Anauliza, kama TV imekushinda, mtoto wa watu utamuweza?"

Wakuu, nilifunga kazi saa hiyo hiyo.

Nikaenda Mikumi. Sasa kwetu huku mkwe hakai sebule moja na mama mkwe. Mimi nikiingia, yeye anatokea mlango wa uani. Nikikaa mimi, TV safi. Akirudi yeye, imekufa!

Nikamsikia jikoni, kwa sauti ya kunifikia kabisa: "Neema, muulize mwenzako, ina maana mimi mwongo?"

Nikasoma log, lile daftari ambamo kernel inaandika matukio yake. Inasema imefia kwenye function, yaani kipande cha program, inaitwa safisha. Naijua, niliiandika mimi. Nikaijaza printk kila mstari, ile amri ya kuandika kwenye log "nimefika hapa", nika-compile, yaani kuijenga upya, mpaka laptop ungeweza kukaangia yai. TV ikakwama tena, na printk hata moja haijatokea.

Kumbe safisha ziko mbili! Moja niliiweka kwenye mafaili ya memory, nyingine kwenye driver ya video. Zote static, yaani kila moja inajulikana ndani ya faili lake tu, ndiyo maana compiler haikulalamika majina kufanana. Uvivu wa kutafuta majina huo. Nilikuwa namchoma sindano pacha mzima, mgonjwa yuko chumba cha pili.

Basi nikahamishia printk kwa mgonjwa. TV ikagoma kukwama!

Mama: "Neema, mwambie sasa limepona, aende kwao."
Mimi: "Neema, mwambie mama halijapona, linajificha."
Neema: "Jamani, si mnasikiana?"

Hapo ndipo nikashtuka kuwa ni race condition. Ni hivi: mmoja anapakua wali, mwingine anabeba sufuria kwenda kuosha. Wakipishana, hamna tabu. Wakikutana, upawa unapiga hewa. Printk zangu zilimchelewesha muosha sufuria, ndiyo maana kukawa shwari.

Nikazifuta zote. Nikapitisha waya dirishani, nikakaa barazani na laptop, nikaomba mama aangalie tamthilia yake kama kawaida yake.

Weee! Yule mama haangalii, anawinda. Matangazo yakianza anabonyeza remote ta-ta-ta-ta-ta kama anakoboa mahindi. Mimi nilikuwa nabonyeza mara moja, kistaarabu. Kwa ule mwendo wake, thread moja, yaani mkondo mmoja wa kazi, inaachia memory ya picha na nyingine bado inaisoma.

TV ikafa, log ikamwagika kwenye laptop: CPU zote mbili zimo ndani ya safisha ile ile, kwa wakati mmoja.

Nikaweka lock, mmoja akiwa ndani mwingine asubiri. Ile pacha nyingine nikaibatiza jina lake. Mama akabonyeza ta-ta-ta-ta mpaka tamthilia ikaisha. Haikukwama.

Wakuu, furaha ni mbaya. Nilirukia sebuleni nikipiga kelele, "Imekubali!"

Uso kwa uso na mama mkwe.

Yeye khanga usoni, mbio mlango wa uani. Mimi kwa kuchanganyikiwa, mlango huo huo. Tukabanana pale mlangoni, hakuna wa mbele hakuna wa nyuma, Neema kakaa chini kwa kicheko.

Nilijua posa imekufa. Nikajibanza nyuma ya banda la kuku. Baadaye nikasikia sauti ya jikoni:

"Neema, mwambie wazee wake waje. Ila wamfundishe kwanza kupiga hodi."

Nilichojifunza: kila function ipe jina lake, memory usiiguse bila lock, na mtumiaji akisema kitu kinakwama, kaone anavyokitumia yeye.

Waliowahi kukimbizana na bug inayojificha ukiichungulia, mwageni vyenu hapa. Na mwenye suti ya kuazima kwa mtu mwembamba, inbox iko wazi.