Fahali Hakuiba

Nakumbuka asubuhi moja kule Tseikuru, nikiwa bado msichana wa kutumwa maji, fahali mweusi alipoletwa mlangoni kwa nyanya yangu na mfanyakazi aliyeshika kamba huku hajui aangalie wapi. Keti, Kioko mwanangu. Weka hiyo simu chini. Gari la kukupeleka Mtito Andei litakungoja, na lisipokungoja mimi nitafurahi zaidi.

Fahali yule alikuwa malipo. Mwaka huo kiangazi kilikuwa kimetumaliza, na watu wetu walimkabidhi ng'ombe wao mfanyabiashara tajiri aliyeitwa Mbuvi, awapeleke soko la mbali kwenye bei nzuri kisha awaletee pesa zao. Nyanya yangu, mjane, alimpa wote aliokuwa amebaki nao. Mbuvi akarudi akipangusa macho. Ng'ombe wamekufa njiani kwa kiu, akasema. Tukampa pole! Mama zetu wakamkorogea uji, mwizi yule, wakamwambia Mungu atampa wengine. Njia ya mwongo ni fupi. Haukupita muda, dereva wa lori lililowabeba akapita kwetu, akasema ng'ombe walifika wote na wakauzwa wote, na Mbuvi anajenga duka la pili.

Wazee wakakaa, wakaamua alipe. Mbuvi hakubisha. Alibaki nyumbani kwake amekunja nne, akamtuma mfanyakazi na fahali.

Nyanya yangu alitoka nje, akamzunguka mnyama yule, akampapasa mgongo. Alikuwa mnono kweli. Sisi watoto tuliokuwa tukilalia uji mwepesi tulianza kumeza mate. Kisha akamwambia yule mfanyakazi, "Huyu fahali hakuniibia. Mrudishe. Mwambie aliyeniibia amlete mwenyewe."

Nililia, mwanangu. Nilimwambia nyanya kwamba tutakufa njaa kwa sababu ya kiburi chake. Hakunipiga. Alinishika sikio, akanivuta karibu, akasema polepole, "Ukila mali ya mwizi ambaye hajasema ameiba nini, umekula naye sahani moja. Njaa itapita. Hilo halipiti." Sikio liliniuma hadi jioni, na maneno yale sikuyaelewa hata kidogo.

Tukangoja. Wazee wakaja kumbembeleza, akawapa maji ya kunywa, jibu hakuwapa. Fahali akaletwa tena, safari hii ameongezewa mbuzi, na wote wawili wakarudishwa. Mwishowe, siku ya soko, watu wamejaa, tukamwona Mbuvi mwenyewe anakuja kwa miguu, kofia ameivua, kamba ameishika kwa mkono wake. Wanawake waliokuwa wakipima maharagwe wakaacha kupima. Akasimama mbele ya nyanya yangu na kusema, "Nilisema ng'ombe walikufa. Hawakufa. Niliwauza, pesa nikala." Basi. Maneno machache tu, lakini jasho lilimtoka kuliko mtu aliyelima shamba zima. Nyanya yangu akapokea kamba. "Sasa umelipa," akamwambia, akamkaribisha nyumbani anywe uji. Ulikuwa uleule uji wetu mwepesi, naye aliunywa wote.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kulipa ni nini. Wahenga walisema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Siku hizi nimezeeka hapa Sultan Hamud, na naona wameigeuza: mla ng'ombe hulipa mbuzi, na mla mbuzi hufungwa. Ndiyo maana lile neno lako la jana lilininyima usingizi. Ulikuwa umekaa hapo kando ya mtungi, vijana wenzako wamekuzunguka, ukasema, "Susu, mimi makosa yangu ilikuwa kuiba kidogo. Ningeiba kama Mwenyekiti wa ushirika nisingeona jela, ningekuwa kwangu nakunywa chai." Wakacheka wote. Unaniita Susu, nyanya yako, ingawa mama yako si wa tumbo langu, na kwa jina hilo nina haki ya kukuvuta sikio. Jana nilitaka kulivuta. Nilishindwa kwa sababu sehemu moja ya maneno yako ilikuwa kweli, na ukweli huo unanichoma mpaka leo.

Pasta amenikanya kuhusu hasira. Nimemwambia Yesu alipindua meza.

Ngoja nikukumbushe mambo unayoyajua, halafu nikuambie usiyoyajua. Tulivuna ndengu sote, tukazipeleka kwenye stoo ya chama chetu cha ushirika. Mama yako Ndunge alipeleka magunia yake kwa punda wa kukodi. Mwenyekiti akatuambia mnunuzi hajalipa, tuwe na subira. Subira yetu ikajenga lojing'i, nyumba ya wageni ya ghorofa, kule Mtito Andei. Stoo ikawa inatolewa mali kidogo kidogo, sisi tukiendelea kuomba dua. Wewe ukachoka kuona mama yako anakopa unga, ukaenda ukavunja kufuli na kubeba gunia moja, lenye alama ya utepe mwekundu aliofunga mama yako mwenyewe. Gunia lenu! Ukakamatwa kabla hujafika nyumbani. Hakimu akakupa faini au kifungo. Faini hiyo Ndunge asingeiweza hata angeuza mbuzi na banda lao, kwa hiyo ukaingia jela. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Wewe hata usiku mmoja hukumaliza.

Mwenyekiti naye akashtakiwa, ndiyo, tuseme haki. Tulipiga makofi siku ile. Kila alipofika kortini alikuwa na suti mpya na wakili mpya, na kila mara kesi ikaahirishwa. Halafu ukiwa bado ndani, tukaitwa mkutano wa wanachama katika ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti hakuja. Alikuja wakili wake, kijana mpole mwenye viatu vya kung'aa, akatueleza kwamba mteja wake yuko tayari kurudisha sehemu ya pesa, bila kukiri kosa lolote, mradi wanachama waridhie kesi iondolewe.

"Bila kukiri?" nikamuuliza. "Sasa anarudisha nini, kama hakuchukua?"

"Mama, hiyo ni lugha tu ya sheria," akasema, akatabasamu.

Nikasimama, mwanangu. Magoti haya unayajua, lakini nilisimama. Nikawasimulia habari za fahali wa Tseikuru. Nikasema huyu wakili hakutuibia, arudi, amwambie aliyetuibia aje hapa mwenyewe aseme alifanya nini. Na nikasema kama kesi ya stoo nzima inaweza kumalizwa kwa maneno matamu, basi ya gunia moja imalizwe leo hii, Kioko atoke. Wakili akasema samahani, hiyo ni kesi tofauti, kijana alivunja kufuli. Umesikia? Mwenyekiti hakuvunja kufuli kwa sababu ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Sisi ndio tulimpa.

Jirani yangu mmoja, mtu mzuri tu, akanigeukia. "Susu, tuambiane ukweli. Akifungwa, mimi nitakula hiyo jela yake? Mtoto amefukuzwa shule." Nikaketi. Nyanya yangu alikuwa na njaa ya nyumba moja. Hapa palikuwa na njaa za ukumbi mzima, na yule tajiri alizijua vizuri, ndiyo maana alituacha tungoje mpaka tulegee. Sitaki usahau hilo. Kuiba alituibia mara moja, na mara ya pili alitumia ule umaskini aliotutia kununua uhuru wake.

Wakaambiwa wanaokubali wainue mikono. Ikainuka mmoja mmoja. Nikaangalia nyuma nikamwona mama yako ameinua wake.

Ndiyo, Ndunge. Usisimame, sijamaliza. Alinikataza nisikuambie kamwe, na nilimwahidi. Nilimtazama vibaya, Mungu anisamehe, na yeye akaniambia huku mkono bado uko juu, "Mwaitu, mama yangu, usiniangalie hivyo. Mtoto wako hayuko ndani." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Pesa alizorudishiwa hakununua unga wala hakutengeneza paa. Alienda nazo moja kwa moja kulipa faini iliyobaki, akakuambia ni kanisa limechanga. Ilibidi amkubalie mwizi wake aende nyumbani, ili mtoto wake naye aje nyumbani. Mimi nimeishi miaka mingi na sijaona mama akiuziwa kitu kwa bei kama hiyo. Nikikumbuka ule mkono bado natamani kumpiga mtu fimbo.

Ahadi yangu nimeivunja kwa sababu ya dereva wa Mwenyekiti, aliyekuja jana na salamu zake. Amekuambia Mwenyekiti ndiye aliyekutoa jela. Amekuambia ana moyo, hana kinyongo, na amekuwekea kazi ya kulinda lojing'i yake. Kioko, hakukutoa yeye! Ulitolewa na ndengu za mama yako, zilizopitia mfuko wa mwizi na kurudi zimepungua. Hiyo kazi ni fahali mwingine aliyetumwa na mfanyakazi. Mwenyekiti anataka tuone kijana wa gunia anamfungulia geti na kumpigia saluti, ili watu waseme basi, yameisha, hata Kioko amemsamehe. Jumapili iliyopita alikaa kiti cha mbele kanisani, akatoa sadaka nono, watu wakapiga makofi. Mimi nilikalia mikono yangu.

Sasa shika maneno yangu. Kosa lako halikuwa kuiba kidogo. Ukiyaamini hayo, Mwenyekiti atakuwa amekuiba na wewe mwenyewe, na hakuna hakimu atakayekurudisha. Serikali ikiuza msamaha kwa wenye nacho, hiyo ni aibu ya serikali, na uipigie kelele mpaka sauti ikauke, lakini usiige. Mnyonge hana haki, wanasema. Angalau awe na uso wa kutazama watu. Na wewe pia una deni, usijifanye mtakatifu. Lile gunia lilikuwa lenu, ila mzee Musyoka aliyekuwa akilinda stoo alifutwa kazi kwa kufuli uliyovunja, na tangu utoke unapita njia ya nyuma usikutane naye. Nenda kwake. Usimtume mama yako na sukari. Simama mlangoni pake useme ulifanya nini, hata kama hana cha kukukaribisha ila uji mwepesi.

Njoo karibu, inama. Pasta hapendi jambo hili, lakini pasta hayupo, na wazee wetu wote walibariki hivi. Nakutemea mate kifuani: tfu! Mungu akupe shibe isiyo na kilio cha mtu ndani yake. Akupe watoto wasioinamisha kichwa jina lako likitajwa. Na siku utakayokosa, maana utakosa, akupe miguu ya kuipeleka kamba mwenyewe.

Hiyo honi ni ya dereva, amekuja kukuchukua. Usitume mtoto akamjibu. Nenda mwenyewe.