Mstari wa Kwanza wa Fomu ya Vaia

Vaia Zarkada alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kumi na sita kati ya hiyo aliitumia dobini, chini ya hospitali mjini Volos, Ugiriki, akifua shuka. Shule aliiacha akiwa msichana, baba yake alipopooza. Akaolewa na Zisis, fundi wa injini za mashua, wakajaliwa binti mmoja, Asimina. Maisha yake yangeishia hapo, kama si shuka zenyewe.

Ukifua miaka mingi unajifunza kuzisoma. Zilizoteremshwa kutoka wodi ya wazazi zilimwambia nani kajifungua salama na nani kahangaika. Asubuhi moja ya Februari ulishuka mzigo uliolowa damu, ukamfanya akae kitako sakafuni. Akapanda juu kuuliza mama mwenye shuka zile anaendeleaje.

"Wewe fua tu, dada," muuguzi akamwambia.

Hakujua mpaka mwisho kama yule mama alipona. Septemba iliyofuata akajiandikisha shule ya jioni.

Alisoma miaka mitatu, macho mekundu kwa usingizi, na mwaka wake wa mtihani wa taifa ukaangukia mwaka ule ule wa Asimina. Mama na binti walikaa meza moja jikoni, kila mmoja na vitabu vyake, wakigombea feni. Alama zikatoka, wote wawili wakapata si haba. Ikabaki fomu.

Fomu ile ndiyo iliyowanyima watu amani mwezi mzima wa Julai. Unapanga vyuo kwa mistari, unachokitamani zaidi kikae juu. Wizara inakushusha mstari kwa mstari mpaka pale alama zako zinapotosha. Hapo ndipo pako, na hakuna kubadili. Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa nane mchana.

Jumatano alasiri Asimina alikaa kumchapia mama yake, maana Vaia kwenye kompyuta alikuwa akitafuta kila herufi kama sindano iliyoanguka.

"Haya mama, mstari wa kwanza?"

"Ukunga. Thesaloniki."

Vidole vya Asimina vikasimama. "Thesaloniki gani?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Mama! Huko ndiko ninakokwenda mimi! Nchi nzima hii, hukuona mji mwingine?"

"Ukunga haufundishwi kila mahali. Athens sitaiweza. Kuna Thesaloniki na kuna Ptolemaida. Nitakuzuia nini?"

"Utakuja chumbani kwangu na sufuria. Wenzangu watauliza yule nani, niseme nini? Mwanafunzi mwenzangu?"

Zisis akaingia, mikono imejaa grisi. "Mnafokeana nini? Mnasikika mpaka gatini."

"Mkeo anahama, baba."

Zisis akacheka, kisha akamtazama Vaia usoni, kicheko kikamkauka. "Si tulikubaliana ualimu? Chuo kiko hapa, dakika kumi kwa miguu. Unasoma, unarudi, tunakula."

"Tulikubaliana lini, Zisis? Ulisema wewe, mimi nilikuwa napakua."

"Ukunga! Ukimaliza utakuwa unakaribia hamsini. Watoto watazaliwa, watakusalimu bibi."

"Basi wataniamkia vizuri."

"Na mimi nitakula na nani? Na paka?"

Zisis akaenda kwenye sinki akanawa mikono, akainawa muda mrefu kuliko grisi iliyokuwapo. Asimina akachapa kama alivyoambiwa: Thesaloniki, Ptolemaida, na chini kabisa ualimu wa Volos, ambao Vaia aliuweka ili kupunguza makelele. Kuthibitisha, Vaia akasema, atathibitisha mwenyewe, akili ikitulia.

Akili haikutulia. Ijumaa aliingia zamu na simu ndani ya mfuko wa aproni. Mashine zilinguruma, mvuke ukapanda, na Tasula, mwenzake wa miaka yote, akawa hampi nafasi ya kupumua.

"Ukiwa mkunga utatuletea shuka zaidi, mwanamke wewe! Kaa hapa chini utuhurumie!"

Vaia akacheka kwa meno tu. Saa saba na robo, wakati wa mapumziko, akatoka ukumbini akaketi juu ya ngazi ya nyuma, akafungua fomu.

Mstari wa kwanza: ualimu, Volos.

Akadhani ni jua. Akajifuta macho kwa pindo la aproni, akasoma tena. Ualimu ulikuwa juu, ukunga chini yake. Kwa alama zake, ualimu wa Volos angeupata bila shaka yoyote. Kama angebonyeza bila kutazama, miaka mitatu ya shule ya jioni ingemrudisha dakika kumi kwa miguu kutoka jikoni kwake. Nambari ya siri aliijua yeye na mtu mmoja tu. Akapiga simu.

"Asimina. Baba yako ndiye aliyekutuma?"

Asimina akaanza kuuliza zamu inaendaje, Vaia akamkatiza.

"Nijibu, mwanangu. Nina dakika arobaini."

"Baba hajui kitu," Asimina akasema. "Ni mimi. Nilitaka ubaki naye. Nilitaka niondoke mimi peke yangu, mama, mara moja tu nisiwe mtoto wa mtu."

Hasira ilimpanda Vaia mpaka masikioni. Alitaka kumtukana, na matusi alikuwa nayo, dobini hayakosekani. Lakini neno la mwisho lilimchoma mahali asipopatarajia. Nisiwe mtoto wa mtu. Akajiona Thesaloniki, Jumamosi, anamfulia Asimina nguo, anamkaangia biringani, vitabu vyake vimefungwa. Asingeweza kujizuia, alijijua. Angehamia mji mwingine akawe mama vile vile.

"Ulilolifanya ni wizi," akasema. "Tutalizungumza nyumbani. Sasa kata simu."

Tasula alichungulia mlangoni. "Vaia, msimamizi anakuuliza."

"Mwambie nimekufa."

Akatelezesha mistari kwa kidole kinene, mara ya kwanza ikakwama, mara ya pili ikapanda mahali pasipo pake. Ptolemaida akaiweka juu. Thesaloniki akaifuta. Ualimu akaufuta pia, ukabaki mstari mmoja tu kwenye fomu nzima, na Ptolemaida ikimkataa hana pengine. Saa nane kasoro dakika tano, akathibitisha. Kisha akarudi kwenye mashine.

Nyumbani hawakusemezana kwa siku nyingi. Zisis alipoambiwa habari ya Ptolemaida alitoka, akarudi ananuka tsipuro, pombe kali ya zabibu, akalala na nguo zake za kazi. Majibu yalipotoka, Vaia alikuwa amepata Ptolemaida. Asimina, aliyepigania Thesaloniki kama mbwa na mfupa, alama zake hazikutosha. Akaangukia Yoanina, ng'ambo ya milima. Alilia siku mbili. Siku ya tatu alikuja kukaa kando ya mama yake kitandani, akasema, "Nisamehe, mama," na Vaia akamwambia bado, lakini akamsogezea mto.

Oktoba Zisis alimsindikiza mkewe kituo cha basi, akabeba sanduku mwenyewe, akilalamika uzito njia nzima. Ptolemaida kulikuwa na baridi ya kukata mifupa, na darasani wasichana walisimama alipoingia wakidhani ni mwalimu. Februari akafeli anatomia. Alipata tatu kati ya kumi.

"Rudi basi," Zisis akamwambia kwenye simu. "Umejaribu, hakuna atakayekucheka."

"Sirudi. Umekula?"

"Dengu. Zimeungua."

"Punguza moto," Vaia akasema, akarudi kwenye mifupa ya nyonga, aliyoikariri kwa sauti mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Septemba akaufanya upya ule mtihani, akapata sita, akafaulu. Mwaka huo huo, kwa mara ya kwanza, alipandishwa wodi ya wazazi, ya hospitali ya Ptolemaida, akiwa amevaa sare ya ukunga.