Jiko Lililomfungia Babu Nje

Kwetu nyumbani mimi ndiye wa kulaumiwa kwa kila kitu. Chumvi ikizidi, ni mimi. Mbuzi akitafuna kola ya sare ya shule, ni mimi niliyeanika chini. Kwa hiyo Babu alipoacha kuja kula kwetu, macho yalinigeukia mimi, nami nikakagua dhambi zangu za wiki nzima nikakosa hata moja ya kutosha. Zilikuwepo, sikatai. Lakini zote zilikuwa ndogo ndogo, za kawaida.

Tunaishi kwenye mteremko upande wa Marani, majani chai juu, migomba chini, nyumba katikati. Nyumba ya Babu iko hatua arobaini kutoka kwetu. Nimezihesabu nikiwa na hotpoti mkononi na mvua kichwani, kwa hiyo msibishane nami. Tangu Nyanya atuache, Babu alizipiga hatua hizo kila jioni. Anakohoa mara mbili mlangoni, anaingia sebuleni, anakaa kwenye kiti chake cha mbao kilichoupa ukuta wa jikoni mgongo. Kisha ananiuliza, "Mke wangu, leo umenipikia nini?"

Huku kwetu babu humwita mjukuu wa kike mke wake, na mjukuu ana ruhusa ya kumjibu vibaya.

"Leo nakuacha," namwambia. "Nimepata mwingine mwenye meno."

Anacheka mpaka anashika mbavu. Mama, aliyeko upande wa pili wa ukuta, anacheka pia, lakini kwa sauti ndogo, maana mkwe wake yuko sebuleni. Ndivyo tulivyoishi.

Sasa, mwaka jana bonasi ya chai ilipoingia, Baba akatangaza kwamba tutaboresha nyumba. Baba ni mwalimu, na kila mwalimu wa makamo ana ugonjwa wake; wake ni video za nyumba za watu. Anaweza kukaa saa nzima akitazama mtu asiyemjua akifungua na kufunga droo. Akatuita wote sebuleni, akachukua daftari, akasema kila mtu ataje kitu kimoja kitakachofanya maisha ya hapa yawe rahisi.

Mama akasema anataka maji ya bomba jikoni na dirisha kubwa, moshi utoke. Mimi nikasema chumba chenye kufuli na Wi-Fi. Babu akatazama dari, akatazama fimbo yake, akasema, "Mimi niko sawa. Mahali pa kukaa ninapo."

Baba akaandika yote kwa mwandiko mzuri sana. Halafu akafunga daftari na kufanya alichokuwa amekiamua tangu mwanzo: jiko la wazi.

"Tunaangusha ukuta huu," akasema, akitupungia simu. "Mama anapika, sisi tunaongea naye. Familia inakuwa pamoja. Hakuna mtu wa kufungiwa jikoni kama kuku."

"Na mtu atapita wapi?" Mama akauliza.

"Kila mahali! Si ndiyo maana yake?"

Mama hakuuliza tena. Nilidhani ameridhika. Kumbe kuna kunyamaza kwa aina nyingi, na mimi najua moja tu, ile ya kwenye mtihani wa hesabu.

Fundi alitoka Ogembo, mzee mwenye penseli sikioni. Akagonga ukuta kwa kidole kama daktari anayepima kifua. "Mwalimu, ukuta huu, una uhakika?"

"Haubebi paa," Baba akajibu. "Nimesoma."

"Sijauliza mambo ya paa."

"Basi bomoa."

Fundi akamtazama Mama. Mama akatazama sakafu. Mimi nilikuwa natazama simu, maana nilikuwa narekodi. Kisha nikaomba nyundo, na pigo la kwanza nikapiga mimi. Hilo lazima niliseme, kwa sababu baadaye lilinisumbua.

Wiki tatu tulikula vumbi. Mwishowe jiko likatokea, na kusema kweli lilikuwa jiko la kupigiwa picha. Taili nyeupe zinazong'aa, kaunta ya jiwe jeusi, sinki lenye bomba lililopinda shingo kama bata mzinga, stuli tatu ndefu ambazo ukikalia miguu inaning'inia. Sufuria za Mama zilipangwa kwenye ndoano, zote zikitazama sebuleni kama wanafunzi kwenye gwaride.

Jioni ya kwanza Babu akakohoa mara mbili. Akafungua mlango. Akaingiza mguu mmoja. Mama alikuwa ameinama kwenye sinki anaosha mboga za chinsaga, mgongo kwetu. Babu akautoa mguu wake nje upesi, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Nimesahau kumfunga ng'ombe," akasema, akaondoka.

Babu ana ng'ombe mmoja, na nilikuwa nimemfunga mimi.

Jioni ya pili akasema meno yanamuuma. Jioni ya tatu hakuja kabisa, na Mama akanipa hotpoti nimpelekee.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka. Nilijiambia ni taili. Mzee anaogopa kuteleza avunjike nyonga. Nikatandika magunia kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, Baba akaniuliza kama nafungua soko la mahindi. Babu akafika, akatazama magunia, akasifu magunia, akarudi kwake. Nikajiambia ni stuli zile ndefu, labda zinamtia aibu. Nikazificha stoo. Akaja, akakohoa, akageuka. Nikajiambia ni taa za dari, ziko sita, zinawaka kama chumba cha upasuaji. Nikafungua balbu nne. Baba akadhani zimeungua, akapeleka malalamiko dukani Kisii mjini, akaleta nyingine nne.

Kitu kingine kilichonichanganya ni Mama. Ilipokaribia saa ya chakula cha jioni, alichukua unga na mwiko akatoka nje, kwenye lile jiko la zamani la udongo lililo nyuma, lenye masizi ya tangu kabla sijazaliwa. Jiko lake jipya limekaa linang'aa, naye yuko kule nje anapuliza kuni, macho mekundu.

"Mama, sinki lako linakulilia."

"Wacha mdomo. Lete kuni."

"Lakini si uliomba maji ndani?"

"Niliomba maji," akasema, akaingiza kuni. "Sikuomba uwanja."

Alidhani akiwa nje, Babu ataingia ndani. Babu hakuingia. Kwa hiyo tukawa na jiko la wazi lisilo na mpishi, sebule isiyo na mgeni, na Baba peke yake kwenye stuli, akiwa pamoja na familia ambayo haikuwepo.

Hotpoti zilikuwa zinarudi nusu. Mbwa wa Babu akaanza kunenepa na kung'aa manyoya, hapo nikajua nusu nyingine inakwenda wapi. Siku moja nilimkuta Babu ameketi kitandani anatoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari.

"Babu, unajikondesha ili upate mke mpya?"

Hakucheka. "Chakula cha kula peke yako kinapoa haraka," akasema, akaendelea kutoboa.

Nilirudi zile hatua arobaini bila kuzihesabu. Nilikuwa nimemkasirikia, nimewakasirikia wote, na sikujua kwa nini hakuna anayesema neno moja tu la wazi. Nilimuuliza Mama, akasema muulize Baba. Nilimuuliza Baba, akasema wazee wana hasira zao, zitapita. Nilimuuliza Babu mwenyewe kama tumemkosea, akasema, "Nyumba ni nzuri sana, mke wangu. Nzuri sana," akabadilisha habari tukaanza kuongea juu ya fuko wanaokula viazi.

Aliyenifungua macho ni fundi. Sinki lilikuwa linavuja, akaja na spana yake, akalala chini ya kaunta. Mimi nikamshikia tochi. Nikamweleza matatizo yangu yote, magunia, stuli, balbu. Nilisikia kicheko kikitoka chini ya sinki, kisha kikakatika.

"Wewe msichana, unasoma kidato gani?"

"Cha tatu."

"Na hujui chinsoni?"

Nilijua neno. Ni ile heshima kati ya mtu na wakwe zake: hawapeani mkono, hawakai karibu, na baba mkwe haendi ovyo ovyo kwenye nyumba ya mke wa mwanawe. Nilidhani ni kitu cha harusini, watu wanakitoa siku hiyo kama suti na kukirudisha kabatini.

"Babu yako aliingia sebuleni kwa sababu kulikuwa na ukuta," fundi akasema. "Kule nyuma ya ukuta ni kwa mama yako. Hapa mbele ni kwa wageni. Sasa mmetoa ukuta. Sebule imekwenda wapi?"

Nikamulika tochi huku na huku kama mjinga. Kweli, sebule haikuwepo. Tulikuwa tumebaki na jiko kubwa lenye sofa ndani yake, na tulikuwa tunamwita mzee aingie mpaka ndani ya jiko la mkaza mwanawe, sufuria zake zikiwa wazi, yeye mwenyewe ameinama. Hata Mama akiwa nje, bado palikuwa ni pake.

"Nilimuuliza mwalimu mara mbili," fundi akasema. "Akaniambia habari za paa."

Jioni hiyo nikamweleza Baba. Alikuwa na simu mkononi. Akaizima, kitu ambacho huwa hafanyi hata kanisani. "Mambo hayo ni ya zamani," akasema. "Siku hizi watu..." Akatazama mahali ambapo ukuta ulikuwa. "Mbona yeye hakuniambia?"

Nadhani kwa Babu, kusema habari za jiko la Mama kungekuwa sawa na kuliingia.

Nikaenda chumbani kwangu nikatoa shuka langu la zamani, la samaki wa rangi ya machungwa waliovaa miwani. Nikafunga kamba ya kuanikia nguo kutoka kwenye msumari wa kalenda mpaka kwenye fremu ya dirisha, nikaning'iniza shuka pale pale ukuta ulipokuwa. Nilifanya nusu kwa utani. Mama akaingia na sufuria zake kutoka nje, akawasha jiko jipya, akaanza kusonga.

Nikaenda kumwita Babu. Akakohoa mara mbili. Akaingiza mguu, akatazama shuka. Akaingiza mguu wa pili.

"Mke wangu, hawa samaki wananiangalia."

"Wanasubiri uwaachie ugali."

Akakaa. Akala, akaongeza. Mimi nilikuwa nimekaa nikishangaa, kwa sababu taa za dari zilikuwa zinawaka nyuma ya lile shuka, na kivuli cha Mama kilionekana chote, mkono, mwiko, hata pindo la leso.

Nikamnong'oneza, "Babu, si unaona kivuli chake?"

Akageuza shingo. "Naona shuka," akasema.

Basi. Sikuelewa, na hadi leo sijui ukuta wa tofali na kitambaa cha soko vinafananaje machoni pa mtu. Lakini mzee alikuwa anakula.

Shuka lilikaa mwezi mzima. Mkaguzi wa shule ya Baba alikuja kunywa chai, akauliza wale samaki ni wa nini. Baba akasema ni staili mpya ya sebule. Kisha Jumapili moja Mama akalifua, kwa sababu lilikuwa limeanza kunuka vitunguu, na mvua yetu ya alasiri ikafanya kazi yake. Saa ya chakula ilipofika shuka lilikuwa kwenye kamba ya nje linatiririka, na mlangoni tukasikia kikohozi mara mbili.

Mama alisimama mwiko ukiwa katikati ya ugali. Mimi nikatafuta shuka jingine kwa macho. Baba alikuwa ameketi kwenye sofa. Akainuka. Akachukua leso ya Mama iliyokuwa begani mwa kiti, akaenda kusimama mahali pa ukuta, akanyanyua mikono yote miwili, akaitandaza.

"Ingia, Tata," akamwambia baba yake.

Babu akaingia. Akakaa, akaupa mgongo upande wa Baba. Tukala. Baba hakuweza kula kwa sababu alikuwa ukuta, kwa hiyo nilikuwa namega ugali, nachovya kwenye mchuzi, namtia mdomoni.

"Ukuta hautafuni kwa kelele," nikamwambia.

"Nyamaza."

"Mikono inatetemeka, Mwalimu. Nani alichanganya hii simenti?"

Nyuma ya leso nikamsikia Mama akicheka, ile sauti yake ndogo. Babu akaomba kuongezewa mboga. Baba akashusha mkono mmoja kidogo, akaunyanyua tena upesi. Babu alikula polepole siku hiyo kuliko siku zote, na siwezi kuapa kwamba haikuwa kusudi.

Jumatatu fundi akarudi. "Tunabomoa nini tena, Mwalimu?"

"Muulize mwenye jiko," Baba akasema, akamwonyesha Mama kwa kidevu.

Mama akaongea kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akiongea na mtu mgeni. Sinki libaki. Dirisha litanuliwe. Ukuta urudi, mlango uwe upande huu, na katikati kuwe na kidirisha kidogo chenye mbao ya kufunga, sahani zipitie pale. Fundi akaandika yote kwa penseli juu ya taili nyeupe. Babu alikuwa nje, amejifanya anakagua migomba. Kila Mama alipotaja kitu, yeye alikohoa.

"Na kiti cha mzee?" fundi akauliza. "Tukiweke wapi?"

Nikatoka nje kumuuliza mwenyewe.

"Palepale," Babu akasema. "Na wewe, mke wangu, usiguse nyundo."