Pikapu Iliyongoja Sala Ndefu

Namshukuru Mungu, mlinzi wa wasafiri, aliyenipeleka mbali nikiwa na mvi na kunirudisha nikitembea kwa miguu yangu. Sifa ziwe kwake kwanza, ndipo nisimulie.

Zahanati ya kanisa letu, huku vilimani upande wa Kasulu, haikuwa na gari. Mama mwenye uchungu wa uzazi alibebwa kwa machela mpaka barabara kuu. Mwanangu Enoki anaishi Stockholm, na miaka ile yeye na waumini wenzake walituchangia wakanunua pikapu kuukuu. Kisha akapiga simu: "Baba, ni ya gia otomatiki, na giaboksi inasumbua. Wengine wanasema tuiuze kama chuma chakavu. Njoo uione mwenyewe, maana utakayesimama mbele ya watu huko ni wewe." Wazee wenzangu waliniaga kwa agizo moja tu: nisilete gari litakalomwacha mgonjwa mlimani.

Asubuhi ya kwanza, Alby, anakoishi Enoki. Ni mtaa wa maghorofa, na theluji iliyosukumwa kando ya maegesho ilikuwa imeshakuwa nyeusi. Enoki aliwasha injini, akaomba sala fupi ya safari kama nilivyomlea, akaweka gia ya kwenda mbele. Injini ikavuma, gari likabaki pale pale. Tukazima, tukafungua boneti, tukachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, tukakipangusa, tukapima. Oili ilifika alama ya juu.

"Imejaa," nikasema.

"Imejaa, Baba."

Basi tukakubaliana kwamba ugonjwa uko ndani kabisa, mahali pasipotibika.

Jumapili tulilijaribu tena gari, twende nalo ibadani Hallonbergen. Mara hii niliombwa mimi niombee safari, injini ikiunguruma ili wajukuu wapate joto. Mimi nikiomba, sianzi na sisi. Naanza na wagonjwa, napita kwa wajane na wafungwa, naziombea serikali zote mbili, ya kwetu na ya huko, ndipo nafika kwenye barabara. Niliposema Amina, Enoki akaweka gia, na gari likaondoka bila kusita.

Mkwe wangu Dorkasi akacheka. "Baba, kumbe hata gari linajua sala ya mzee!"

"Au limechoka kusikiliza," Enoki akajibu.

Ibada ilipokwisha, habari ilikuwa imeenea. Mama Njeri, Mkenya aliyesimamia shughuli yote ya pikapu, alinishika mikono. "Bwana asifiwe, Mzee! Gari limepona. Wiki hii tulipeleke bandarini, meli haingoji mtu."

Jumatatu Enoki akaomba, gari likagoma. Nikaomba mimi, likaondoka. Jumanne ikawa vile vile. Sasa watu walianza kunipigia simu wakitaka niwaombee na magari yao.

Sikulala vizuri. Nimefundisha watu imani miaka mingi, na ninajua Mungu huponya. Lakini nilimfikiria dereva wa kwetu, mama analia nyuma yake, naye anaomba kwa pumzi moja tu. Nikampigia Mama Njeri, nikamwambia tusubiri fundi.

"Mzee, unatilia shaka sala yako mwenyewe?"

"Sala siitilii shaka, mama. Naitilia shaka giaboksi."

"Haya. Lakini meli ikiondoka, utawaeleza wewe."

Jumatano, Flemingsberg. Tulifika pole pole, baada ya sala yangu. Dorkasi, ambaye ni muuguzi wa hospitali ya huko, alikuwa ametuelekeza kwa Eliya, fundi Mrundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi jirani na kwetu.

"Amahoro, Mzee! Umeniletea mgonjwa?"

Nilimweleza habari za sala, kwa aibu kidogo. Hakucheka. Alimgeukia Enoki. "Yako ina urefu gani?"

"Ya mtu mwenye treni ya kuwahi."

"Na ya Mzee?"

"Chai inapoa."

"Na injini inawaka muda wote huo?"

"Inawaka."

Eliya akaingia, akatupandisha kilima cha karibu. Katikati ya mwinuko injini ikapiga kelele na nguvu ikapotea, kana kwamba kamba imekatika. Akaliachia lirudi nyuma mpaka tambarare, likashika tena. Mimi nilikuwa nimeomba asubuhi ile, na kwa urefu.

"Oili mlipima?" akauliza.

"Imejaa," tukasema pamoja.

"Injini ikiwaka, au imezimwa?"

"Imezimwa," nikajibu. Tulipima kama tunavyopima oili ya injini nyumbani: imezimwa, imepoa.

"Hapo tunanaswa wote tuliozoea gia za mkono," Eliya akasema. "Giaboksi ya gari hili hupimwa injini ikiwaka, ikiwa moto, mahali tambarare. Ukizima, oili yote inashuka chini, inakudanganya."

Akapima kwa njia yake. Kijiti kililowa nchani tu. Akapaka tone kwenye karatasi nyeupe, akainusa, akanipa na mimi ninuse. Ilikuwa bado nyekundu. "Ingekuwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, ningewaambia muiage. Hii inapona." Kisha akainua gari kwa jeki akatuonyesha bomba jembamba linalopeleka oili kupozwa kwenye rejeta. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa barafu ilikuwa imelila, na oili ilitoka kama jasho.

"Sala yako, Mzee, iliipa oili iliyobaki muda wa kupata moto, na pampu muda wa kuikusanya. Mlimani oili inakimbilia nyuma, pampu inavuta hewa."

Alibadilisha bomba, akaongeza oili kidogo kidogo huku akipima.

Alhamisi tulipakia mifuko ya mchanga badala ya wagonjwa. Mama Njeri alikuja mwenyewe, akakaa mbele. Gari lilikuwa limelala nje kwenye baridi. Nikaomba sala fupi kuliko zote za maisha yangu: "Bwana, tunakwenda. Amina." Likaondoka pale pale. Tukapanda kile kilima mpaka juu bila nguvu kupotea, na Mama Njeri akatugeukia.

"Haya," akasema, "sasa lipelekeni bandarini."

Mimi nilirudi kwa ndege, pikapu ikafuata kwa meli. Nilichojifunza ni hiki: jambo nisilolielewa nisiharakishe kuliita muujiza, nikamzuia fundi ambaye Mungu ameshamweka njiani. Dereva wetu hupima oili injini ikiwaka, kila wiki, na sala zetu hazijapungua.

Mama wa kwanza tuliyempakia alikuwa na hali mbaya. Nilipofumba macho niombe kabla hatujaondoka, alinishika mkono. "Babu, omba tukienda."

Nikaomba tukienda. Nilianza na wagonjwa, kama kawaida yangu, na kabla sijafika kwa wajane tulikuwa tumeshaumaliza mlima.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe njia iliyo wazi, watu wa kukupokea uendako, na wa kukungoja nyumbani. Amina.