Pampu Iliyotema Mpaka Barabarani

Sikurudi Kakamega kwa sababu niliukumbuka mji. Nilirudi kwa ajili ya mtu mmoja, fundi mwenye gereji kando ya barabara ya Mumias, aliyenifundisha kushika spana kisha akanichafulia jina.

Shule niliiacha mapema. Nilikata miwa, nikapakia mchanga, nikachimba dhahabu kule Malinya mpaka shimo lilipoporomoka karibu nami. Gereji ndiyo mahali pa kwanza ambapo nilitamani kukaa. Niliuliza kila kitu: kwa nini hiki kinazunguka, kile kinazuia nini. Fundi alijibu alipojua, na asipojua alinituma maji.

Pale kwetu pampu ya petroli ilipimwa kwa kutema. Unachomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, unauelekeza nje, mwenzako anawasha swichi, halafu mnatazama petroli inaruka mpaka wapi. Ikianguka karibu, pampu ni mbovu. Ikiruka mbali, watu wanashangilia.

Siku moja mfanyabiashara wa mitumba kutoka Mumias alileta pikapu yake kuukuu, pampu imekufa. Fundi akaifunga pampu ya umeme aliyoitoa kwenye gari jipya lililogongwa, gari la injini isiyo na kabureta. Mimi ndiye niliyeshika mpira tulipoijaribu. Ilitema mpaka barabarani, mwendesha baiskeli akatutukana.

"Hii ni dume!" fundi akasema. "Hii itavutanga mzigo mpaka Kisumu bila kukohoa."

Ilikohoa njiani kwenda Butere. Plagi zilikuwa nyeusi tititi na petroli ilikuwa inachuruzika juu ya injini ya moto. Mwenye pikapu aliirudisha ikivutwa kwa kamba, akifoka, maana mkewe alikuwa ndani na wangeweza kuungua wote wawili. Fundi hakusita hata kidogo. Alininyooshea kidole.

"Ni huyu. Mikono yake haitulii. Amechokoa kabureta."

Sikuwa nimeigusa. Akanivua ovaroli mbele ya watu na kuitundika kwenye seng'enge iliyotazama barabara. Mafundi wote wa mjini walijua maana yake: huyu asiajiriwe. Nilizunguka gereji zote. Kila nilipofika nilikuta habari imenitangulia. "Wewe si yule wa kuchokoa? Endelea na safari, bwana."

Nikaenda Eldoret, kisha Nakuru, na huko nikapata kazi kwenye yadi ya kuvunja magari ya mashindano. Hapo ndipo nilipoiona geji ya presha, kipimo cha nguvu inayosukuma petroli, ndogo kama saa ya mkononi, na mwenzake regyuleta, kifaa cha kupunguza presha hiyo. Mzee wa yadi alinieleza kwamba kabureta inataka petroli iletwe kwa upole. Ukiisukuma kwa nguvu, sindano ndogo inayofunga mlango wa petroli inashindwa, na petroli inafurika; na pampu za magari yasiyo na kabureta husukuma kwa nguvu mno. Nilimsikiliza huku nikiona ovaroli yangu ikipepea kwenye seng'enge. Nilipoondoka pale niliomba vifaa hivyo viwili badala ya kitu kingine chochote.

Mumias nilimkuta mwenye pikapu dukani kwake. Nikamsalimu, "Asalaam aleikum, mzee."

"Waaleikum salaam," akajibu, kisha akanitambua. "Wewe tena? Umekuja kumalizia?"

Pikapu ilikuwa bado na pampu ileile, bado inanuka petroli, na mkewe alikataa kabisa kuipanda. Nikamwambia nitaitengeneza, kwa sharti kwamba kazi ifanyiwe mbele ya gereji ya fundi yuleyule. "Una roho mbaya, kijana," akasema, na akachukua funguo.

Fundi alipotuona alicheka. "Karibu, mchokozi! Leteni maji ya kuzima moto!" Watu wakakusanyika kama wanaongoja mafahali wapigane.

Nikaunga geji kwenye mpira, kati ya pampu na kabureta, nikakaza klipu, nikawasha swichi. Mshale ukaruka ukapita katikati na kuendelea kupanda. Petroli ikaanza kuvuja juu ya kabureta, nikazima haraka.

"Hiyo saa yako imekufa," fundi akasema. "Hebu ifunge kwa gari yangu tuone uongo wake."

Sikuwa nimelipanga hilo. Gari lake lilikuwa na kabureta na pampu yake ya asili. Nikaifunga, yeye mwenyewe akaliwasha. Mshale ukainuka kidogo tu, ukatulia. Gari likanguruma vizuri. Geji ilikuwa nzima; presha ya pikapu ndiyo iliyozidi.

Nikarudi kwenye pikapu, nikachomoa waya wa betri. Regyuleta niliifunga kwenye bodi, mbali na joto la ekzosi, nikaikaza geji juu yake, nikapitisha mpira wa pili wa kurudisha petroli iliyozidi kwenye tangi. Nilifanya polepole kuliko ilivyohitajika. Nilitaka fundi asimame pale juani atazame kila klipu. Nikarudisha waya, nikawasha swichi, nikalegeza skrubu ya regyuleta mpaka mshale ukashuka pale uliposimama kwenye gari lake. Nikapitisha kidole kila kiungo: pakavu. Pikapu ikawaka, ikatulia.

Mwenye pikapu akamgeukia fundi. "Sasa kosa lilikuwa la nani?"

"Pampu nilifunga mimi," fundi akasema, macho chini.

"Sijasikia," nikasema.

"Nimesema nilifunga mimi! Huyu hakuchokoa kitu!"

Akaninyooshea mkono. Niliendelea kufuta spana mpaka akaurudisha mfukoni.

Nilidhani ningeondoka jioni ile nikiwa mwepesi. Sikuwa mwepesi. Kumsikia mara moja hakukunitosha. Fundi mmoja wa ng'ambo ya barabara, aliyewahi kunifukuza, aliniita akasema ana nafasi. Mimi ambaye sikuwa nimewahi kumaliza msimu mzima mahali pamoja nilikaa kwake miaka miwili. Wateja waliokuja na magari yanayonuka petroli niliwafungulia boneti palepale kando ya barabara. Kila asubuhi fundi wangu wa zamani alipofungua lango lake, mtu wa kwanza kumwona nilikuwa mimi, na sikumsalimu hata siku moja.